Albamu Mpya za Metali kwenye Spika ya Katwe

Juzi mteja aliniletea spika mbili za inchi 15, kazifunga kwenye gunia la mkaa nyuma ya boda. Kabla hajashuka nilishajua tatizo. Koili, ule waya uliozungushwa ndani ya spika, ikiungua ina harufu yake, vanishi iliyochomeka, na ukishaizoea utaitambua hata barabarani. Nikaweka mita hata hivyo, maana mteja hulipa kwa roho safi akiona mita. Spika ya ohm 8 ikiwa nzima husoma 6 hivi. Hizi hazikusoma kitu, zote mbili.

“Fundi, hata sikuifungulia sana,” akasema.

Wote husema hivyo, na mara nyingine ni kweli. Muziki wenye nafasi hupiga ukaacha, ukapiga tena, na pale unapoacha ndipo koili inapopoa. Lakini kuna muziki unaotoka studio ukiwa umeshindiliwa kama nguo za shule kwenye sanduku la bati, kila kitu juu, kila kitu mbele, hakuna bonde wala kilima. Ukiuongezea amplifaya ndogo iliyopandishwa mpaka mwisho, mawimbi yanakatwa vichwa, na koili inapikwa taratibu huku mwenye spika akidhani anasikiliza kwa kiasi.

Karakana yangu iko Katwe, hapa Kampala, katikati ya watu wanaochomelea mageti, wanaofua masufuria na wanaokata mabati. Ukitaka kujua chuma kinaliaje, njoo saa nne asubuhi. Ndani ya kelele hizo nimekuwa nikisikiliza roki na metali, ile roki nzito ya magitaa makali, tangu nilipoanza ufundi, na miaka hii miwili mitatu nimekuwa na ugomvi na wahakiki ninaowasoma. Wao husifu albamu kwa ukubwa: nzito, pana, ndefu, yenye ukuta wa magitaa. Mimi huuliza swali moja tu: hawa watu wanajua kunyamaza?

Niseme pia natoka wapi. Baba alikuwa askari, nimekulia kambini, na kambini lugha ilikuwa Kiswahili. Wenzangu wa mtaani walikiona lugha ya wanajeshi na wezi. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilipokipitisha kuwa lugha rasmi, majirani wakanitania kwamba sasa nimekuwa mtu wa serikali. Ukichanganya Kiswahili na muziki ambao walokole wanaamini ni wa shetani, utaelewa kwa nini shangazi yangu huniombea kwa jina kila Jumapili.

Nianze na wakubwa. Metallica walitoa *72 Seasons* Aprili 2023: nyimbo 12, dakika 77. Kwa mtu mwenye intaneti ya waya nyumbani, dakika 77 ni jioni moja. Kwa ubora mzuri wa sauti, huku kwetu ni karibu MB 185, na bando la Uganda lina kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, walipoondoa ile ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii. Kwa hiyo urefu wa albamu naupima kwa hela, na sioni aibu. Na *72 Seasons* ni ndefu kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia bosi kata hapa. Rifu nzuri, kile kipande cha gitaa kinachorudiwa, inakuja, unatikisa kichwa, inarudi mara nne, unaendelea kutikisa kwa heshima, inarudi tena, unaanza kutafuta bisibisi yako. Nyimbo nne zingetoka na hakuna ambaye angeziulizia.

Ajabu ni kwamba wimbo mrefu kuliko wote, “Inamorata”, dakika 11 na ushei, mrefu kuliko wowote waliowahi kutunga wenyewe, ndio bora. Katikati yake magitaa yanaondoka na besi inabaki, inatembea polepole kama mlinzi wa usiku. Pale tu ndipo nilipoacha kazi nikasikiliza. Walikuwa nayo mkononi muda wote!

Ni watu walewale waliotoa *Death Magnetic* mwaka 2008, albamu iliyoshindiliwa kiasi kwamba mashabiki waligundua nyimbo zilezile zinasikika vizuri zaidi ndani ya mchezo wa *Guitar Hero*. Mchezo wa watoto! Tangu hapo wamejifunza kidogo upande wa sauti. Upande wa mkasi bado.

Linkin Park ni habari nyingine, kwa sababu hapo nahukumu nikiwa na kovu. Kizazi changu kambini kilikariri nyimbo zao bila kujua Kiingereza vizuri. Mwimbaji wao Chester Bennington alipofariki Julai 2017, nilifunga karakana mapema siku hiyo, na nilipoulizwa sababu nikasema kuna msiba. Novemba 2024 wakaja na *From Zero*, mwimbaji mpya Emily Armstrong, nyimbo 11, dakika kama 32. Bando limepona. Armstrong namkubali. Kooni ana mchanga wa kweli, na anapofoka humsikii akimwiga marehemu. Wanaomkataa kwa sababu tu si Chester wanataka bendi ikae matanga milele.

Lawama yangu iko kwenye utunzi. Jina lenyewe linakumbusha kwamba bendi ilianza ikiitwa Xero, na albamu nzima inatembea hivyo, inarudi kwenye vyumba vya zamani na kuwasha taa: hiki ndicho chumba cha kufokafoka, hiki cha kinanda cha huzuni, hiki cha hasira. Kila wimbo ninaujua unakoenda kabla haujafika. “Overflow” tu ndio unaoelea bila haraka, na ningependa albamu nzima ingekuwa na ujasiri huo. Nimeisikiliza mara nyingi, nitaendelea kuisikiliza, na haiko kwenye tano bora zangu. Mambo hayo matatu yanakaa pamoja bila kugombana.

Sleep Token sasa. *Even in Arcadia*, Mei 2025, ilikwenda moja kwa moja namba moja Marekani, na wahakiki wa ng'ambo wakagawanyika kama wanaukoo kwenye shamba la urithi. Watu wenye barakoa, hawasemi majina yao, wanachanganya metali na nyimbo laini za mapenzi. Kilichowashangaza wengi ni “Caramel”, wenye mdundo wa regeton chini yake. Samahani, lakini mdundo ule umo kwenye kila taksi inayotoka Old Taxi Park. Dereva wa Entebbe Road hatasimamisha gari kuustaajabia. Mtu wa Kampala akiusikia anauliza tu: mmeufanyia nini? Nao wameuweka pale kama kitambaa juu ya televisheni, kizuri, hakina kazi, kisha magitaa yanakuja kuuangukia ili tukumbuke hii ni metali. Na maneno yenyewe ni malalamiko ya kupendwa kupita kiasi. Nimesikia malalamiko mengi humu Katwe, hilo bado.

Lakini niwe mkweli: mwishoni mwa “Emergence” linaingia saksafoni, halina haraka, halimpigii mtu kelele, na kila kitu kingine kinarudi nyuma kulipisha. Nilirudia kipande hicho mara tatu. Sauti ya Vessel, mwimbaji wao, nayo huwezi kuibeza. Hasira yangu ni ya mtu anayeona nyumba nzuri iliyojazwa makochi mpaka mlangoni.

Jirani yangu wa karakana ni mzee wa Kinubi kutoka Bombo, mchomeleaji, ambaye ananiita mwanangu hata mbele ya wateja ninaojaribu kuwapandishia bei. Julai 2025, siku habari za kifo cha Ozzy Osbourne, mwimbaji wa Black Sabbath, zilipofika, alinikuta nimekaa kimya kwenye stuli. Ilikuwa siku 17 tu tangu Black Sabbath wapige onyesho lao la mwisho Villa Park, Birmingham, kwao. Nikamweleza mzee kwamba bendi ile ndiyo iliyozaa muziki wangu wa kelele, na kwamba mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa kijana wa karakana ya mabati kama hizi zetu. Akiwa na miaka 17 mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Naye hupiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo ule wa kulia ndio unaobana nyuzi.

Mzee akainua mkono wake. Kidole cha shahada kinaishia kwenye kiungo cha kwanza, na ngozi ya pale imekaza na kung'aa kama mfuniko wa kalamu. Nimekiona kila siku kwa miaka sita, sikuwahi kuuliza.

“Gilotini,” akasema. “Nilikuwa naongea na mtu.” Kisha: “Huyo wako akafanya nini?”

Nikamwambia. Aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavigundisha ngozi juu ili visiteleze. Bado ilikuwa inauma, kwa hiyo akatumia nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza, nusu toni tatu chini, ili vidole visiteseke. Nyuzi zikilegea sauti inashuka, inakuwa nzito na yenye giza, na albamu yao *Master of Reality* ya 1971 ndivyo ilivyopatikana. Mzee alicheka mpaka akakohoa. “Kwa hiyo uzito wote ule,” akasema, “ni kwa sababu alilegeza?”

Ndiyo, mzee. Nimekaa na sentensi hiyo miezi mingi, na sasa siwezi kusikiliza albamu mpya bila kuitumia. Nusu ya bendi za leo zinafikiri uzito ni kukaza: ngoma zimesahihishwa kwa kompyuta pigo kwa pigo mpaka mpigaji hana jasho, magitaa manne mahali pa moja, sauti ya mwimbaji imelazwa juu yake mwenyewe mara sita.

Deftones wamelielewa hili tangu zamani, na *private music* ya Agosti 2025 ndiyo albamu kubwa ya roki iliyonifurahisha kuliko zote mwaka ule. Dakika 42, nyimbo 11. Wamemrudisha prodyuza Nick Raskulinecz, aliyefanya nao *Diamond Eyes* na *Koi No Yokan*. Gitaa la Stephen Carpenter ni zito kama tofali la sementi bichi, lakini limewekwa chini na pembeni, na Chino Moreno anapita juu yake akinong'ona kama mtu anayesema siri kwenye ngazi. “my mind is a mountain” hauchukui hata dakika tatu, unaingia, unavunja vyombo, unatoka. Kasoro ipo, maneno yake hayashikiki, na ukiniuliza wimbo wa saba unahusu nini nitabadilisha mada. Ila niliipitisha kwenye spika yenye twita dhaifu, kile kispika cha sauti nyembamba, ambayo mwenyewe siiamini, usiku mzima, na haikukwaruza hata mara moja. Mtu aliyekaa kwenye mashine za mwisho studioni alikuwa na huruma.

Blood Incantation nitawapita haraka, ingawa wanastahili zaidi. *Absolute Elsewhere*, Oktoba 2024, iliyorekodiwa studio ya Hansa, Berlin: tungo mbili tu, kila moja vipande vitatu, metali ya kifo inayokatizwa na sinthesaiza zinazoelea angani. Ukifikia sehemu tulivu unasahau kwamba dakika mbili zilizopita mtu alikuwa ananguruma. Ndiyo maana ngurumo ikirudi inakuwa na maana.

Sasa twende nyumbani. Watu wakiniambia metali ni kitu cha Wazungu, nawakumbusha kwamba albamu ya *Duma*, ya vijana wawili wa Nairobi, ilirekodiwa Kampala na kutolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes mwaka 2020. (Jina hilo la Nyege Nyege. Waganda wanakuelezea bila kupepesa kwamba ni ile hamu ya ghafla ya kucheza ngoma. Mimi niliyekulia kwenye Kiswahili siwezi kulitamka mbele ya shangazi. Mwaka 2018 waziri wa maadili alipotaka kulifunga tamasha lao la Jinja, nilihisi labda kuna mtu alimtafsiria.) Tupo na Vale of Amonition pia, bendi ya hapahapa Uganda, inayopiga metali ya mwendo wa jeneza tangu 2009. Na kutoka Togo kuna Arka'n Asrafokor, ambao *Dzikkuh* yao ya 2024 inaimba kwa Kiewe pia, na ngoma za kwao ndizo uti wa mgongo. Mdundo unakuja kwanza, gitaa linatafuta mahali pa kukaa.

Sauti ya Duma ilikuwa Martin Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, na Aprili 2024 akatoa albamu yake mwenyewe, *The Adept*, kwenye lebo yake, Haekalu. Ameitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, bibi wa ukoo wake, mwanamke aliyefikia cheo cha fildmashali katika Mau Mau. Hapa kanuni yangu yote inavunjika. Albamu hii hainyamazi. Inapiga kelele kama grainda juu ya kelele nyingine, na niliposikiliza mara ya kwanza niliishusha sauti kwa kuogopea mali ya mteja. Kwa vipimo vyangu ningeitupa nje. Lakini wiki mbili baadaye bado nilikuwa nairudia.

Nimejaribu kujieleza kwa nini. Nafikiri ni kwa sababu kelele yake haikutumika kuficha kitu. Kwenye albamu nyingi zilizoshindiliwa, ushindiliaji unaficha utunzi mwepesi. Hapa koo la mtu ndilo linalobeba kila kitu, na mashine zinavunjika chini yake kwa zamu, huku, kisha kule, hivyo sikio linapata pa kukimbilia. Kasoro yake kubwa ni watayarishaji wengi mno. Unatoka wimbo mmoja kwenda mwingine kama umehama gesti, shuka zimebadilika. Ningempa watu wawili tu na kuwafungia mlango.

Na nina ombi ambalo si lake peke yake. Nataka albamu nzima ya ngurumo kwa Kiswahili. Maneno yetu yanaishia kwenye irabu, na irabu ndiyo mdomo wa ngurumo. Mwingereza akinguruma neno lake linamfungia mlango kwa konsonanti. Jaribu “giza”, jaribu “kifo”, jaribu hata “karanga”, uone koo linavyobaki wazi. Nimejaribu karakanani. Mteja wa redio alirudi nyuma hatua mbili.

Mara moja Busoga nilisimama kando ya embaire, ile marimba kubwa inayolazwa juu ya shimo, wapigaji wakiwa wameizunguka pande zote mbili. Nilimwangalia mmoja tu, kijana wa fulana nyekundu. Pigo, kimya, pigo, pigo, kimya. Peke yake alichokuwa anapiga hakikuwa wimbo hata kidogo. Mwenzake wa upande wa pili alikuwa anaingia kwenye zile nafasi za kimya, na wa tatu kwenye nafasi za hao wawili, na jumla yake ilikuwa kasi ambayo hakuna mpiga ngoma wa metali ninayemjua angeifikia kwa miguu miwili. Nilirudi Kampala nikafuta albamu tano kwenye simu.

Kuna mtu aliwahi kunitaka niandike uhakiki wa aina hii kwa alama, nane kwa kumi, saba kwa kumi. Nikaandika maneno bila alama, wakaweka alama wenyewe, na hela hazikuja. Hapa hakuna alama.

Albamu niliyobakiza ni ya wazee. The Cure walikaa miaka 16 bila kutoa albamu mpya, kisha Novemba 2024 wakaleta *Songs of a Lost World*, nyimbo nane. Wimbo wa kwanza, “Alone”, unapita zaidi ya dakika tatu kabla Robert Smith hajafungua mdomo. Dakika tatu! Wimbo wa redio ungekuwa umeshakwisha. Na sikuona hata sekunde ya kukata, mimi ninayewalaumu Metallica kwa mkasi. Ngoma ni nzito na pana, zinapigwa kama mtu anayehesabu hatua kuelekea mahali asipotaka kufika, na kila ala inaingia ikiwa imebisha hodi. Wakosoaji wachache wamesema albamu nzima ina rangi moja. Ni kweli, ni kijivu mwanzo hadi mwisho. Ziwa nalo siku ya mvua ni kijivu, na watu hukaa Gaba kulitazama.

“Alone” ndio wimbo niliouweka kujaribu zile spika za inchi 15 baada ya kuzifunga koili mpya. Ilikuwa karibu saa kumi na mbili jioni, magrainda yamezimwa, mzee anafunga mitungi yake. Akasimama mlangoni kwangu, barakoa ya kuchomelea imeinuliwa juu ya paji la uso. Muziki ukapita dakika moja. Ukapita ya pili.

“Mwanangu, mwimbaji yuko wapi?”

“Anakuja, mzee.”

Akaegemea fremu ya mlango. Koni zilikuwa zinaenda mbele na nyuma taratibu, safi, hakuna mkwaruzo. Dakika ya tatu ikaingia. Mzee akainamisha kichwa kidogo upande wa spika, kama mtu anayesubiri simu ipokelewe, na umeme ukakatika.

Asubuhi yake alinikuta nafungua kufuli, na kabla hata ya salamu, mzee yule ambaye salamu yake huchukua dakika tano na kuuliza hadi hali ya shangazi, akaniuliza: “Yule mtu wako, aliimba?”